Shoo Kwenye Pindo la Mkono

Jumatatu, 3 Juni

Kazi imeingia nyumbani! Ijumaa ni siku ya wazazi shuleni, kila mtoto ataeleza neno moja la Kiingereza. Binti yangu kapewa "show", sisi tunasema shoo. Mwalimu wake kasema lina maana tele: kuonyesha kitu, kumwelekeza mtu njia, kujitokeza, hata maonyesho ya jukwaani. Maana si shida. Shida ni binti. Tunamwita Kifungo, kwa sababu mdomo wake ukifungwa haufunguki. Mwaka jana alisimama mbele za watu, akalia, akatoka mbio. Jirani yetu Mama Pacha anaisimulia mpaka leo. Mwaka huu hasimulii mtu. Naapa!

Jumanne, 4 Juni

Mbinu ya kwanza: ishara. Nikikuna pua, maana ya kwanza. Sikio, ya pili. Kwapa, ya tatu. Goti, ya nne. Mazoezi saa nzima. Baba Kifungo akauliza kama nina chawa. Kifungo akacheka, akasahau zote. Mama Pacha kapita mlangoni kunijulisha kwamba wanawe wana mwalimu wa ziada. Nikampa hongera. Moyoni nachemka.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata! Shule niliishia darasa la tatu, lakini cherehani haijui niliishia wapi. Nimedarizi maana zote ndani ya pindo la mkono wa blauzi yake, uzi mwekundu. Akikwama, akunje pindo, asome. Kifungo kasema ataona aibu. Nikamwambia aibu ni ya aliyeonekana.

Ijumaa, 7 Juni

Pacha wamekariri kama kasuku. Kifungo akaitwa. Akakwama. Akakunja pindo. Lo! Nilidarizi nikiwa upande wangu: kwake maneno kichwa chini miguu juu, kwa watu yamenyooka kabisa! Mwalimu mkuu, mstari wa mbele, akaanza kuyasoma kwa sauti. Mama Pacha akaangua kicheko. Nikajificha nyuma ya pochi yangu.

Kifungo akaniona. Akacheka. Mdomo ukafunguka! Akainua mkono, akasema hii ndiyo ya kwanza, kuonyesha kitu. Ya pili, mama alitaka kunionyesha njia, tukapotea wote. Ya tatu, kujitokeza: mama, toka huko nyuma ya pochi! Nikasimama. Ya nne, akasema, ndiyo shoo hii ya jukwaani mnayoitazama bure.

Ukumbi mzima makofi! Mama Pacha naye kapiga, kwa vidole viwili.

Jumamosi, 8 Juni

Kifungo anaongea tangu asubuhi, hanyamazi. Baba yake anasema mtoto kajiokoa mwenyewe, sasa nimwache. Hajui ushonaji, maskini. Bila uzi wangu angesema nini?

Mtihani wa hesabu ni mwezi ujao. Nimepima pindo la sketi: jedwali la kuzidisha linaingia lote, mpaka kumi na mbili. Safari hii natumia uzi mnene zaidi, mwalimu mkuu asije akaumiza macho.