Java Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 15 Septemba 2025. Ukungu, baridi ya kuuma vidole.
Ushirika wa maziwa unatafuta karani wa kompyuta anayejua Java, lugha ya kuandikia programu. Mmoja tu! Mtihani ni Ijumaa, na Wanja, jirani yangu hapa mtaa wa Majimbo, ameomba pia. Nimechora jedwali la vitabu, video na tovuti. Kitabu bora kuliko vyote nimekiazima maktaba na kukivalisha gazeti, Wanja asikitambue.

Jumanne. Jua kidogo.
Wanja kaniuliza nasoma nini. Nikasema mafundisho ya kipaimara. Akanitakia baraka. Yeye eti anafuata masomo ya bure kwenye simu: anaandika programu ndogo, inakataa, anarekebisha. Ya bure! Cha bure kina uzito gani?

Jumatano. Mawingu.
Nimemwendea Mwalimu Muriuki, aliyenifundisha kompyuta sekondari, nikaomba mitihani ya zamani pamoja na majibu yake. Akasema, wee Karwirwa, Java haikaririwi, enda ukae kwa mashine uandike. Mimi niliyekuwa wa tatu darasani!

Alhamisi. Manyunyu.
Nimekariri programu ya ukurasa wa 61. Inahusu gari: aina, rangi, mwendo. Mistari arobaini na miwili. Dada yangu Kendi kashika kitabu, mimi nikaghani mpaka mabano. Sikukosa hata nukta. Mashine ya nini?

Ijumaa. Sikuangalia hali ya hewa.
Swali: andika programu ya ng'ombe. Jina, umri, lita za maziwa. Ng'ombe! Kitabu kizima hakina hata ndama! Nikaandika gari langu lote, bila kosa. Bi Ednah, msimamizi, akasoma kwa sauti, kisha akauliza hili gari linakamwa saa ngapi. Ukumbi ukaangua kicheko. Wanja naye alijifunza kwa mfano wa gari! Kabadilisha jina, kaondoa rangi, kaweka lita, basi. Kazi kapewa yeye. Huo si udanganyifu?

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri.
Wanja kaleta chapati. Eti nije na simu tu, tuanze programu moja pamoja, polepole. Nimepokea chapati. Mafunzo nimekataa. Mimi sina kasoro, kasoro ni ya vitabu. Kiwanda cha chai kitaajiri mwezi ujao, kwa hiyo nimechora jedwali jipya la vitabu. Safu ya kwanza: Je, kitabu kina majani chai?
Nalala saa mbili na dakika kumi usiku, dhamiri safi.