Vyandarua Juu ya Matikiti

Jumatatu, 3 Machi

Matikiti yametoa maua! Kishamba changu nyuma ya nyumba ni njano tupu. Nimesimama pembeni na kikombe mkononi hadi chai ikapoa. Nilifukia vibegu vyeusi, vikavu, vidogo kuliko ukucha. Leo vimetambaa mpaka kwenye uzio na vinataka kuupanda. Nguvu hizi vimezitoa wapi? Hata nyama havili.

Ushindi ni wangu. Mama mkwe magoti yamemchosha, hashuki tena bondeni. Shamba lake la huko, lenye udongo mweusi kama masizi, atampa mkwe mmoja alilime. Ni yule atakayempelekea tikiti tamu zaidi. Wakwe tuko wawili: mimi, na mume wa dada yake mke wangu, anayefuga nyuki hapo jirani. Namwita Mizinga. Nikishindwa, narudi kubeba magunia kwenye mashine ya kusaga ya shemeji, kaka wa mke wangu. Mgongo wangu hautaki hata kulisikia jambo hilo.

Jumanne, 4 Machi

Wizi! Nimeushuhudia kwa macho yangu. Nyuki wa Mizinga wanaingia kwenye maua yangu bila hodi, wanazamisha kichwa, wananyonya, kisha wanaruka uzio kurudi kwake. Nimekaa chini nikafikiri. Asali ni tamu. Utamu huo umetoka wapi? Kwenye maua yangu! Basi tikiti langu litabaki maji matupu, na jamaa atanishinda kwa sukari yangu mwenyewe.

Nimemwendea. Nimemwambia nimeshamjua. Amecheka hadi kofia ikaanguka. Ati nyuki hachukui bure, kila anapochukua anaacha kitu. Nimemuuliza anaacha nini. Ati nisubiri nitaona, bwana mdogo. Bwana mdogo! Na ndevu zangu hizi!

Jumatano, 5 Machi

Akili ni mali. Nyumba ya wageni pale barabarani imebadilisha vyandarua, vya zamani wamenipa nikavitupe. Nitavitupa juu ya matikiti.

Mke wangu ni fundi cherehani. Nimemwomba aviunganishe viwe kimoja. Amesema matikiti hayaugui malaria. Nimemwomba tena, kwa adabu. Ameshona huku akinong'ona na cherehani yake. Jioni shamba lilikuwa limefunikwa lote, kama bibi harusi. Nimetokwa na machozi kidogo.

Alhamisi, 13 Machi

Nyuki wako nje, wanagonga chandarua, wanarudi walikotoka. Kila akigonga mmoja mimi nasema pole.

Ila kuna jambo. Maua ya kike yana kitikiti kidogo kabisa chini yake, chenye mistari na manyoya laini, kamili kama kimechorwa na mtu mwenye subira. Nimekitazama mpaka shingo ikauma. Tikiti kabla ya kuwa tikiti! Lakini vinageuka manjano, vinanyauka, vinadondoka. Vyote. Nimemwagilia. Nimeweka mbolea. Nimevisemesha. Vinadondoka vilevile.

Mke wangu amesema labda vinataka wageni. Sikumwelewa. Wanawake na mafumbo.

Jumapili, 16 Machi

Mbuzi wa jirani amenichania chandarua! Kona ya mbali, pale nisipopita mara kwa mara. Amechana mraba mzuri, kingo zimenyooka. Mbuzi huyu ana meno kama mkasi.

Nimeinama nimlaani, nikashindwa. Chini ya tundu kuna matikiti! Makubwa kuliko ngumi, ya mviringo, yanang'aa. Na nyuki wamejaa tele.

Nimelala kifudifudi nikatazama. Nyuki alitoka kwenye ua la kiume amepakaa unga wa njano mwili mzima, kama mtoto aliyeanguka kwenye gunia. Akaingia ua la kike, akajifuta humo, akaenda zake. Akaja mwingine. Mwingine tena. Hakuna aliyepangiwa, hakuna anayegombana, na hakuna ua lililosahauliwa. Basi hicho ndicho wanachoacha! Shamba langu lote lilikuwa linasubiri mguu wa mdudu. Chakula cha watu kimebebwa na kiumbe ambaye huwa nampiga kwa kandambili. Nilisahau hata kula, na leo ilikuwa zamu ya nyama.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeondoa chandarua kimyakimya. Nimemwambia Mizinga kilikuwa kinapata hewa.

Halafu likanijia wazo. Nikimtegemea nyuki wa Mizinga, ushindi si utakuwa wa Mizinga? Kazi yenyewe ni kupaka unga. Nitapaka mwenyewe! Nimechukua unyoya wa kuku. Asubuhi nzima nimeinama, ua hili, ua lile. Saa sita maua yakaanza kufunga, na mimi sijamaliza hata mstari wa pili. Nimeshindwa kunyooka. Mke wangu amenikanda kwa maji ya moto akiuliza nyuki huwa wanakandwa na nani.

Alhamisi, 27 Machi

Yale niliyopaka kwa unyoya yameshika! Nimepiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Ila yamepinda. Moja limenenepa upande mmoja tu, kama kiatu kilichokanyagwa. Jingine lina kiuno. Mizinga ameyapitia akasema, bila kucheka safari hii, kwamba unga ukifika kidogo, au upande mmoja, tunda nalo hukua nusunusu. Nyuki hurudi na kurudi mpaka ua litosheke. Nimetazama yale ya kona. Duara kamili. Mdudu asiye na rula! Nimeona aibu, kisha nimeona raha, halafu nimeshindwa kuzitenganisha.

Jumamosi, 19 Aprili

Siku ya siku. Meza ya mama mkwe, kisu kirefu, familia yote. Mizinga ameleta lake. Mimi nimeleta la kona. Kikonyo kilikuwa kimekauka vizuri, na nikiligonga linajibu kwa sauti nzito.

Amekata la Mizinga. Tamu, naapa, sina wivu. Amekata langu. Limepasuka lenyewe kabla kisu hakijafika katikati, likafunguka jekundu, mbegu zimejipanga kuzunguka moyo. Kila mbegu pale, nilijua sasa, ni unga ulioletwa na mguu mdogo. Mama mkwe amekula kipande, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikaogopa.

Kisha akasema, "Mwanangu, hili hukulilima peke yako."

Nimekiri kwamba nyuki walisaidia. Akasema wengine pia walisaidia, akamtazama mke wangu, na mke wangu akatazama dari. Nadhani alimaanisha mbuzi.

Uamuzi: bonde ni letu wawili. Mimi nalima, Mizinga anaweka mizinga yake kwenye miti ya pembeni. Tumepeana mikono. Nimemwita kaka. Magunia kwaheri!

Jumatatu, 21 Aprili

Leo nimeshuka bondeni na jembe. Sijawahi kuona udongo wa namna hii. Mweusi, laini, unanukia kama mvua iliyoingia ndani ikakataa kutoka. Nimeushika kwa mikono miwili nikaupeleka puani. Wazee wangapi wamekula kutokana na huu? Nimepiga goti. Sijali nani ameniona.

Nikachimba kidogo. Nikaruka!

Nyungunyungu! Kila nikigeuza bonge, wamo, wanene, wanateleza, wanajipenyeza. Nimemtazama mmoja kwa karibu ili nijue anafanya nini. Anakula udongo! Wa kwangu! Anauingiza mbele na kuutoa nyuma, bila haya, mchana kweupe. Na wako wengi mno. Kwa mwendo huu bonde lote litakuwa limeliwa kabla matikiti hayajatoa maua. Ndiyo maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mizinga nimemficha, atacheka tu. Ila nimeshapata dawa. Mama mkwe ana bata wengi, na bata hawabagui nyama. Kesho alfajiri nawaazima wote. Nimemwomba mke wangu anishonee uzio wa vyandarua vile vya zamani, bata wasitoroke kabla hawajamaliza kazi.

Amekubali mara moja, bila kubisha. Nimemwacha akinoa mkasi.