Televisheni Chini ya Kitanda

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Msiba! Gachanja, jirani yangu wa mkabala, kanunua televisheni ya rangi. Yangu ni nyeusi na nyeupe, lakini ndiyo iliyokuwa ikijaza sebule yangu kila jioni, hapa Komarock. Leo hakuja hata mtoto. Tumeketi wawili, mimi na mke wangu Khavere, na viti vitupu. Imeniuma, sikatai. Lazima niwarudishe watu wangu.

Jumanne, 8 Agosti

Dawa nimeipata! Nimechomoa televisheni hadharani, mlango wazi, kila mtu aone, nikaisukuma chini ya kitanda. Nikatangaza uani kwamba nyumba ya Shiundu inapumzika. Hakuna picha, hakuna redio. Maongezi tu barazani, na hewa safi. Rangi, nikaongeza, huharibu macho. Gachanja akasema labda yangu imeungua. Wivu huo! Khavere akaniuliza kama nina homa, kisha akaenda kuchemsha nduma.

Alhamisi, 10 Agosti

Wamekuja! Mama Batulo wa nyumba ya pembeni kaleta birika la chai ya tangawizi na kisa cha ngamia wa mjomba wake, aliyekataa katakata kuvuka daraja la Garissa hadi akabembelezwa kwa sukari. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Khavere naye akaimba wimbo wa kwao. Miaka yote hii, kumbe ana sauti hiyo! Ningefurahi zaidi kama nisingekuwa nachungulia dirisha la Gachanja kila saa. Vichwa vimepungua kule. Nashinda!

Tatizo moja tu. Jumamosi kuna mieleka kwenye televisheni.

Jumamosi, 12 Agosti

Mpango ulikuwa safi kabisa. Khavere alikuwa kanisani, mkutano wa akina mama. Nikavuta televisheni kutoka chini ya kitanda, nikaiwasha humo humo chumbani, sauti chini. Chenga tupu, hakuna picha! Mbio, nikapanda paa kugeuza eriali. Na huko juu mdomo ukafuata mazoea yake. Nikapaza sauti: "Imeshika?"

Kisha dirisha la chumbani likafunguliwa.

"Bado," akajibu Khavere. "Geuza kidogo upande wa Kayole."

Kumbe mkutano ulikwisha mapema. Nikatazama chini. Barazani wameketi wote na vigoda vyao, wamewahi maongezi. Mama Batulo akanishauri nikae huko huko juu, eti hewa ni safi zaidi. Nilitamani paa lifunguke linimeze.

Jumapili, 13 Agosti

Nimeshinda ndani siku nzima. Basi, nikajua yamekwisha, hawatakanyaga tena kwangu. Jioni nikasikia vicheko nje. Wamerudi! Khavere akaniambia hawakuja kwa ajili ya televisheni wala hotuba zangu, wanapenda tu kukaa pamoja. Hata Gachanja kaja na kigoda. Amezima yake, anasema tangu watu waondoke hana wa kucheka naye. Nikampa nduma kubwa kuliko zote. Machozi yalikaribia kunitoka, kwa raha.

Nikasimama mlangoni nikawatazama. Baraza imejaa hadi uani. Watu wote hawa, wametulia, wameketi vizuri, na mbele yao hakuna kitu cha kutazama!

Kesho asubuhi naenda mjini kuulizia deki ya video.