Nilivyoletwa Maiti Siku ya Posa ya Mwanangu

Leo nimeletwa nyumbani maiti, mbele ya wakwe. Niko hai, jamani. Ila kwa aibu niliyoipata, bora ningekufa kweli.

Nianze mwanzo. Leo alasiri binti yangu Salma alikuwa anaposwa. Wageni wanatoka Nanganga, watu wazima, watu wa dini, watu wa heshima zao. Kaka yangu, Mjomba Hamisi, kashuka tangu jana kutoka Makote kuja kuwapokea, maana kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Akanikalisha, akanipa somo.

"Mama Salma, wale watu hawaji kumwangalia mtoto. Mtoto wameshamwona. Wanakuja kumwangalia mama. Kesho nataka utulie jikoni, usikike kwa mbali tu."

Nikasema ndiyo kaka. (Nilimaanisha. Kwa wakati ule.)

Sasa mwenzenu nina kikundi cha mazoezi, akina mama wa mtaani kwetu hapa Masasi. Na humo kikundini nina mtani wangu, Mama Jofrey, Mmakua wa Lupaso. Mimi Mmakonde wa Newala. Utani wa huku mnaujua wenyewe: mtani hakasirikiwi, na siku ukifa yeye ndiye anayekuja kukuigiza msibani mpaka ndugu zako wasahau kulia. Kikundi kilipopanga kupanda ule mlima wa hifadhini, ule wa jiwe tupu, Mama Jofrey hakunipa nafasi ya kupumua.

"Mmakonde atapanda nini? Nyie mmezaliwa juu hukohuko Newala. Kazi yenu ni kutelemka tu!"

"Na nyie Wamakua mkiona mlima mnauzunguka!"

"Basi tutakuona."

Safari ikaangukia leo asubuhi. Mtu mwenye akili angesema naumwa. Mimi nikapiga hesabu zangu: asubuhi napanda, mchana niko jikoni nakoroga pilau, nani atajua? Kikundini sikusema neno kuhusu posa. Jambo la mtoto halitangazwi mpaka liive, husda zipo. Nikamwachia Salma vyungu, nikavaa traksuti yake (inanibana, lakini inafunga), nikajifunga kanga juu, nikatoka kwa mlango wa uani kaka yangu akiwa bado anasali.

Getini kwa hifadhi, askari wa misitu akatukagua viatu. Akafika kwangu.

"Mama, hizo raba zina meno?"

"Zina meno kuliko wewe!"

(Kumbe kweli mbele hana meno mawili. Nilikuja kuona nimeshasema. Mungu anisamehe.)

Msituni mwanzo raha. Kivuli, ndege, Mama Jofrey anahema nyuma yangu kama pampu. Nikawa namsubiri makusudi ili anione nikimsubiri. Kisha miti ikaisha, likabaki jiwe. Jiwe limesimama! Nikalitazama, likanitazama. Nikafunga kanga vizuri, nikapanda kwa mikono na magoti. Nyani walikaa pembeni wanaangalia tu, hata wao upande ule hawapandi. Magoti yananiuma, jasho linaingia machoni, moyoni nasema Salma mwanangu nisamehe, mdomoni nasema "twendeni, twendeni, mbona mnachelewa?"

Nikafika. Wa kwanza! Haki ya Mungu, mimi, mama mzima, wa kwanza. Masasi yote iko chini, na kule mbali ule ukuta wa nyanda za juu za kwetu Newala unaonekana. Mama Jofrey anafika kwa tumbo. Hapo ndipo ningekaa, nikanywa maji, nikarudi kwenye pilau langu.

Nikacheza.

Nikampigia kigelegele Mama Jofrey, nikamzunguka, nikakata kiuno. "Nani anatelemka tu? Nani?" Kiuno kikakubali. Kifundo cha mguu kikakataa. Nikasikia kha! Nikakaa chini bila kupenda. Kutazama mguu, umeshaumuka kama andazi.

Mama Jofrey akaja mbio. Akaushika, akaugeuza, nikapiga yowe. Akaona sijavunjika. Basi akasimama taratibu, akajifunga kanga kiunoni, akaweka mikono kichwani.

"Wenzangu, Mmakonde ametutoka."

"Sijatoka! Mguu tu!"

"Tulieni jamani. Marehemu alikuwa msemaji."

Wenzake wakadakia. Vilio! Askari wa getini akaitwa, akapanda na miti miwili, akina mama wakafunga vitenge vyao, ikawa machela. Nikalazwa. Mama Jofrey akanifunika kanga gubigubi, mpaka uso. Nikiitoa, anairudisha. "Maiti haichungulii." Nikamwomba askari anitetee.

"Mimi sina meno, mama, siwezi kusema kitu," akajibu.

Kushuka kule sitaki hata kukumbuka. Sehemu za jiwe wananishusha kwa kitako kama gunia la korosho. Sehemu za njia wananibeba begani, na Mama Jofrey mbele ananiigiza. Ninavyobonyeza nyanya za watu sokoni moja moja halafu nanunua mafungu mawili. Ninavyosinzia kwenye kikao halafu naamka nasema "naunga mkono." "Marehemu ukimwazima sufuria, kesho anakuja kuchungulia jikoni kwako kama bado ipo!" Watu hoi. Chini ya kanga na mimi nacheka huku nalia mguu. (Ya sufuria ni kweli.)

Tukaingia barabarani. Nasikia pikipiki zinazimwa kwa heshima. Kijana wa bodaboda akauliza kwa sauti ya chini, "Nani, mama?"

"Mmakonde mmoja. Kajifia kwa kucheza."

"Poleni sana."

Ndipo nikasikia adhana ya alasiri.

Jamani, baridi iliyonipita chini ya ile kanga! Wageni wako nyumbani. Sasa hivi wamekaa mkekani. Nikaona sura ya Mjomba Hamisi. Nikamwona mwanangu, ameachwa kwa sababu mama yake hakuweza kukaa jikoni siku moja. Nikaanza kulia kweli, na bahati mbaya kilio changu kikapotea ndani ya vilio vyao.

"Mama Jofrey. Nipitisheni uani."

"Maiti haipitishwi uani."

"Mama Jofrey, nakuomba. Kuna wageni."

"Wageni gani?"

Ikabidi niseme. "Wamekuja kumposa Salma."

Machela ikasimama. Nikajua sasa watanihurumia.

"Posa?" Mama Jofrey akasema polepole. "Salma wetu huyu? Anaposwa, na sisi watani hatujui?"

"Nilitaka liive kwanza..."

"Wenzangu," akasema, "lieni vizuri. Huyu alikuwa anatuficha."

Wakaingia kwa mlango wa mbele wakilia kama wamelipwa. Nikasikia mazungumzo ya wanaume yanakatika. Nikasikia kikombe kinaanguka. Wakanilaza katikati ya ua, mbele ya mkeka kabisa.

"Jamani, poleni," anasema Mama Jofrey. "Tumemleta mwenye nyumba."

Salma akatoka jikoni anapiga kelele. "Mama!" Akafunua kanga miguuni, akakuta traksuti yake. "Mama, umevaa traksuti yangu?" (Mtoto huyu! Hata hajauliza kama napumua.)

Kisha nyayo zikaja, za mtu mzima, taratibu. Kanga ikafunuliwa usoni. Mkubwa wa wageni, Mzee Swalehe, kofia, kanzu nyeupe, ndevu zimechanwa. Tukatazamana. Nina majani kichwani, vumbi puani, machozi yamechora mistari. Mdomo ukafanya kile ulichozoea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo, baba. Nimekufa tu kidogo."

Nyuma yake namwona Mjomba Hamisi kafunga macho. Nilitamani ile kanga irudishwe.

Mzee Swalehe akasimama wima. Akamtazama Mama Jofrey. "Nyie ni nani wake?"

"Watani, mzee. Sisi Wamakua, marehemu Mmakonde."

"Alikufaje?"

"Kapanda mlima wa hifadhini, baba. Kafika wa kwanza, akacheza."

"Wa kwanza?"

"Wa kwanza, mzee, siwezi kumsingizia maiti."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Salma kashika upindo wa machela, macho hayatoki kwa yule mzee, na nikaona anavyomtaka kijana wao. Sikuwa nimeona kabla. Nikasema sasa basi, nimemharibia mwanangu mbele ya macho yangu.

Mzee Swalehe akavua kofia. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Sisi Wayao," akasema, "kwa Mmakonde ni watani pia. Mbona tunakalishwa mkekani tunapewa chai, na mtani wetu amelala hapa hajaliliwa?"

Akapiga yowe! Mzee yule! Wenzake wakaamka na kanzu zao, mmoja akaja kulala pembeni ya machela akidai hilo kaburi ni lake, mimi nikatafute lingine. Mwingine anamuuliza Mama Jofrey mirathi, hasa sufuria. Mama Jofrey akasema sufuria marehemu kazihesabu, haziguswi. Kaka yangu akajikaza, akajikaza, akashindwa. Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Walipochoka, Mzee Swalehe akavaa kofia yake, akakaa mkekani, akarudi kuwa mtu wa heshima.

"Mjomba, tuliambiwa tukamwangalie mama. Tumemwangalia. Mguu mbovu, mdomo mzima. Tunamtaka binti."

Mjomba Hamisi akamtazama Salma. Salma akaangalia chini. Mjomba akasema, "Mmepata."

Vigelegele vikapigwa na walewale waliokuwa wanalia. Kabla ya kuondoka, Mzee Swalehe akapita kwangu, akaniwekea noti kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono miwili.

"Ubani, mama. Poleni na msiba."

Basi ndiyo hivyo. Mguu uko kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Mama Jofrey yuko jikoni kwangu anakula pilau la matanga. Salma ameposwa, na mimi nimepokea ubani wangu mwenyewe kwa mkono wangu. Tafadhalini msinicheke kwa sauti. Hapa pana msiba.