Kikosi Kazi cha Kuuchunguza Mfumo wa Furu

Ofisi ya Ulinganifu wa Kompyuta, Kanda ya Ziwa, inayo furaha kuutangazia umma kwamba wananchi wote wa Mwanza wanaupenda Mfumo wa Wengi, na kwamba wale wasioupenda wanatafutwa.

Tangazo hilo lilibandikwa kila palipokuwa na ukuta, kuanzia Mirongo hadi Igoma. Alilitunga Bwana Shigela mwenyewe, Mratibu Mkuu wa Ulinganifu, akamsomea kwa sauti katibu muhtasi wake, Dorotea. Dorotea aliuliza kama neno "wanatafutwa" halitawatia watu hofu. Shigela akamweleza kwa uvumilivu kwamba hofu ni hatua ya kwanza ya ushirikishwaji.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kila kompyuta inahitaji mfumo endeshi, yaani ile akili ya ndani inayoiamsha na kuipangia kazi. Karibu kila mtu mjini alitumia ule unaotumiwa na kila mtu, ambao Ofisi iliuita Mfumo wa Wengi ili isigombane na kampuni yoyote. Lakini walikuwepo watu, si wengi, waliotumia mfumo uitwao Furu. Uliundwa na walimu kadhaa wa Ukerewe pamoja na marafiki zao wa mtandaoni, wakaupa jina la samaki mdogo wa ziwani mwenye miiba mingi kuliko nyama. Hakuna aliyeutangaza wala aliyeuuza, na hapo ndipo Ofisi ilipoingiwa na wasiwasi. Kitu kisichouzwa mtu anakichaguaje?

Dodoma walitaka jibu. Shigela naye aliitaka Dodoma kuliko Dodoma walivyolitaka jibu. Kiti cha ukurugenzi kilikuwa wazi makao makuu, na mtu mwenye sauti nzito alimdokeza kwa simu kwamba atakayeeleza kwa nini watu wanachagua Furu, na akawaponya, atakuwa ameonyesha ukomavu wa kikurugenzi. Shigela alilipeleka dokezo hilo nyumbani Igoma. Mke wake, Rose, akalipeleka kwenye jumuiya. Jumuiya, kwa moyo wa upendo, ikamfanyia sherehe ya kumuaga. Wakala mbuzi, wakampa sanduku la magurudumu, na mwenyekiti akatoa machozi ya kiasi. Tangu hapo kila jirani aliyekutana naye alisema, "Kumbe bado upo?" na si swali ambalo mtu aliyekwisha kuagwa hupenda kuulizwa. Asipoupata ukurugenzi, ingebidi ahame mtaa.

Kikaundwa Kikosi Kazi. Mwenyekiti alikuwa Shigela, na wajumbe walikuwa Dorotea na gari.

Kikosi kilianzia Mirongo, kwenye steshenari ya Mama Paskazia, mama mtu mzima aliyechapa barua za watu na kutoa kopi. Shigela aliingia na swali lake limeiva mdomoni. Mama alimtazama tu, akaendelea kumtazama, mpaka Dorotea akanong'ona, "Bosi, hujamwamkia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, sasa wewe ni mtu. Sema."

"Ni msukumo gani wa kimfumo uliokufanya ujitenge na Mfumo wa Wengi?"

"Mimi sikujitenga, nilifukuzwa," Mama Paskazia alisema. "Kompyuta hii aliniachia marehemu mume wangu. Siku moja ikaandika kwamba imezeeka, haifai tena, nikanunue nyingine. Nikasema hee, mbona na mimi nimezeeka na padre hajanizuia mlangoni? Mwalimu mmoja akaja akaiwekea Furu. Furu haukuiuliza umri."

Shigela akaiingiza sababu hiyo kwenye fungu la Huruma kwa Vifaa Chakavu.

Kirumba walimkuta Okwach, Mjaluo wa Rorya, fundi wa injini za boti, mikono imelowa grisi mpaka kwenye viwiko.

"Mkubwa, kitu nisichoweza kukifungua hakiwezi kuwa changu," alisema. "Ile kompyuta ya mwanzo nikitaka kuingia ndani inaniambia sina ruhusa. Nimeinunua mimi, umeme nalipa mimi, halafu sina ruhusa. Hiyo ni kompyuta au baba mkwe?"

"Na Furu?"

"Furu ukitaka kuuharibu, unakuacha uuharibu."

"Umewahi kuuharibu?"

"Mara nyingi sana," Okwach alijibu kwa fahari, na Shigela akaona huyu ni mgonjwa wa siku nyingi.

Mgonjwa mbaya zaidi alikuwa Butimba, mwanachuo wa ualimu aitwaye Modesta. Alijibu kabla swali halijamalizika.

"Ni kwa sababu ya watu. Nikiwa na ule mwingine, ukiharibika napewa namba ya kupiga, nasikilizishwa muziki. Furu ukigoma naandika kwenye kundi, 'Jamani, umegoma.' Chai haijapoa wameshafika watu wanne, na kila mmoja anasema mwenzake hajui kitu. Tunabishana, tunacheka, unapona. Asiyekuja bila sababu anatozwa. Anatupikia wote."

"Anatozwa kwa kanuni ipi?" Shigela alishtuka. "Na mamlaka gani?"

"Kwani, baba, kijijini kwenu asiyekuja msibani anatozwa na mamlaka gani?"

Shigela alikuwa Msukuma wa Magu, na aliijua vizuri mamlaka hiyo, maana baba yake aliwahi kuilipa jogoo. Lakini alikuwa kazini. Alisema hilo halihusiani, akaipa sababu ile fungu la Ushirikiano Usioratibiwa, kosa ambalo Ofisi ilikuwa bado haijalitungia adhabu.

Taarifa ikaenda Dodoma, na sauti nzito ikapiga simu siku iyo hiyo.

"Shigela, huwezi kuniandikia kwamba watu wanachagua kitu kwa sababu kikiharibika wanafurahi. Mgeni Rasmi anakuja huko. Mwonyeshe watu wakirudi kwenye mstari, mambo yako yatakuwa mazuri. La sivyo, kaa hapo hapo ulipo."

Maneno "hapo hapo ulipo" yalimchoma Shigela kifuani. Usiku ule alikula ugali bila kuuona, na katikati ya ugali akapata wazo, tena wazo la asili. Kwao, vikundi viwili vya ngoma vinaposhindana, havina jaji. Kimoja kinacheza upande huu wa uwanja, kingine upande ule, wakati mmoja. Watazamaji wako huru. Kikundi ambacho watu wanakikimbilia ndicho kilichoshinda, na hakuna rufaa. Babu yake Shigela alicheza katika kikundi cha Wagika, na babu yake Rose alikuwa Mgalu, wapinzani wao wa jadi. Basi mifumo miwili ishindanishwe hivyo hivyo mbele ya Mgeni Rasmi.

Rose alimsikiliza mpaka mwisho. "Baba Ngosha, uwanjani watu hukimbilia utamu, hawakimbilii wingi."

"Wetu unaitwa Mfumo wa Wengi," Shigela alisema. "Wengi watakimbilia wapi zaidi ya kwa wengi?"

Rose akasema yeye ni Mgalu, kwa hiyo hashangai kuona Mgika akijichimbia shimo. Akaondoa sahani.

Siku ikafika. Upande wa Ofisi uwanjani kulikuwa na hema, zulia, viti vilivyovalishwa vitambaa, maji ya chupa, na skrini kubwa kama ukuta wa nyumba. Watumishi wa umma walikuwa wameandikiwa barua kwamba wahudhurie, na kwamba furaha itaanza saa nne kamili. Upande wa pili, juani, watu wa Furu walikuwa na meza ya kuazima na kompyuta ya Okwach, iliyokuwa ikila umeme kwenye betri ya boti. Shigela aliwatazama akawahurumia, na akajihurumia kidogo kwamba wapinzani ni dhaifu mno kwa ushindi wenye hadhi.

Mgeni Rasmi akaketi. Saa nne kamili watumishi wakafurahi. Shigela akabonyeza kitufe, na skrini ikaandika kwa herufi za heshima: TUNAKUANDALIA MAMBO MAZURI. USIZIME KOMPYUTA.

Mgeni Rasmi alipiga makofi, watumishi nao wakapiga. Wakangoja. Kiduara kidogo kilizunguka katikati ya skrini bila haraka.

"Hayo mambo mazuri yanakuja lini?" Mgeni Rasmi aliuliza.

"Yako njiani, Mheshimiwa."

"Yanatokea wapi?"

Shigela hakujua. Akasema yanatokea nje ya nchi, na Mgeni Rasmi akatikisa kichwa kwa heshima, akangoja tena.

Wakati huo upande wa pili Okwach, katika kuwaonyesha watu namna ya kuingia ndani ya mashine, aliingia akashindwa kutoka. Skrini yake ikawa nyeusi tititi. Shigela aliona kwa macho yake, na moyo ukamruka kwa furaha. Dodoma aliiona wazi, mpaka rangi ya mapazia.

"Umegusa nini?" sauti ya Mama Paskazia ikasikika kutoka kule.

"Sijagusa kitu, nimefuta kidogo tu."

"Amefuta kidogo tu," Modesta alisema. "Jamani, Okwach amefuta kidogo tu tena." Watu wote wa Furu wakaivamia ile meza kama kuku walioona mtama. Huyu akasema ni betri. Yule akasema betri ni ya boti, haiwezi kusema uongo. Mama Paskazia akasema Okwach apewe kitu cha kushika ili mikono yake isiendelee kusaidia. Kicheko kikalipuka.

Muuza karanga ndiye aliyetangulia kuvuka uwanja, akitafuta wateja walio macho. Baadaye watumishi wa mstari wa nyuma waliomba ruhusa kwenda chooni, na Shigela akawaruhusu, kisha akakumbuka kwamba vyoo viko upande huu. Mstari wa katikati haukuomba ruhusa. Watu walivuka wakiwa wamebeba viti vya Ofisi, na vitambaa vyake vikipepea.

"Wanacheka nini?" Mgeni Rasmi aliuliza, shingo imemrefuka.

"Wameharibikiwa, Mheshimiwa."

"Hilo linanitia wasiwasi. Ngoja nikakague."

Alikwenda kukagua na hakurudi. Shigela alimwona akijipenyeza mpaka mezani, akanyanyua kidole, akasema, "Mmejaribu kuuzima na kuuwasha?" Uwanja mzima ukamcheka na kumshangilia kwa pamoja. Kwa sura yake ilikuwa dhahiri kwamba hajawahi kupigiwa makofi yasiyoandikiwa barua. Akavua koti.

Chini ya hema walibaki Shigela, Dorotea, na korongo mmoja mwenye upara aliyekuja kuangalia kama kuna chakula. Dorotea akatumwa kumwita Mgeni Rasmi. Akachelewa. Aliporudi alikuwa na vumbi magotini na karanga mkononi.

"Wanasema nikuulize, hii ya kwetu inaendeleaje?"

"Inaandaa."

"Basi Mheshimiwa amesema, kwa kuwa imeandikwa isizimwe, wewe ubaki nayo." Akatazama kando. "Mimi narudi mara moja, bosi. Nina zamu ya kushika tochi." Korongo naye akamtazama Shigela, akatafakari, akaruka kwenda upande wa pili.

Shigela alitaka kuondoka. Tuseme ukweli, alitaka kukimbia. Kila kicheko kilichotoka kule kilimvuta miguu, kwa maana mtoto aliyekulia viwanjani hawezi kusikia umati ukicheka na yeye akatazama kiduara. Lakini kulikuwa na agizo, kulikuwa na kiti cha Dodoma, na mtu aliyekwisha kuagwa hana pa kurudi. Akaketi.

Mara umati ukalipuka kwa vigelegele. Furu ulikuwa umeamka, na hakuna aliyejua ni nani hasa aliyeuponya, kwa hiyo wote wakapongezana. Mgeni Rasmi alipanda juu ya kiti na kushika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, Serikali iko upande wa wengi siku zote. Leo wengi wako wapi?"

"Hapa," wakaitika.

"Basi Mfumo wa Wengi ni huu hapa, na mimi nilikuwa nikiuunga mkono tangu mwanzo. Ule wa kule una mtumiaji mmoja." Vichwa vyote vikageuka kumtazama Shigela, naye bila kupanga akapunga mkono. "Tusimbeze. Ana sababu zake, na ni wajibu wetu kuzijua. Kwa hiyo leo naanzisha Kurugenzi ya Mifumo ya Watu Wachache, na Mkurugenzi wake ni Bwana Shigela, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye uzoefu. Ili tusimsumbue, makao makuu yatakuwa hapo hapo alipo."

Makofi yakapigwa, tena ya moyoni. Shigela alisimama, akainama kidogo kama wakurugenzi wanavyoinama, akaketi. Simu yake ikaita. Alikuwa Rose.

"Mkurugenzi," Rose alisema. "Hongera, baba. Sema kwa nguvu, sikusikii vizuri."

"Umejuaje? Si uko nyumbani?"

"Nilikuwa nakwenda sokoni, nikasikia kicheko, nikasema nichungulie kidogo."

Shigela alisimama juu ya kiti. Katikati ya umati, kati ya Modesta na Mama Paskazia, aliiona kanga ya mke wake, na mkono wake mmoja umenyooshwa hewani.

"Umeshika nini?"

"Waya. Okwach amesema nisiuachie. Kumbe mambo haya matamu hivi, na wewe kila siku unarudi nyumbani umenuna."

Kicheko kingine kikalipuka. Shigela alikisikia mara mbili, kwanza kwenye simu, kisha kikivuka uwanja. Akafunika mdomo kwa kiganja ili asisikiwe na mtu yeyote, ingawa hapakuwa na mtu.

"Mama Ngosha, hapo kuna nafasi?"

"Nafasi tele," Rose alisema. "Lakini wewe ukija huku, makao makuu tutamwachia nani?"