Konfitiri ya Maembe na Mbuzi wa Mahari

Jumatatu, tarehe 6 Novemba

Niliamka Bertin wa kawaida. Ninalala PDG, mkurugenzi mkuu wa kampuni yangu mwenyewe! Sababu ni maembe. Hapa mjini Baraka yanaanguka kila avenyu, yanaoza, nzi wanafanya sherehe. Aibu ya mji mzima. Nitayaokoa mimi. Nitayapika na sukari yawe konfitiri ya kupaka kwenye mkate. Faida itaninunulia suti, maana Jumamosi ya wiki ijayo wakwe wanakuja kukagua mbuzi wa mahari ya Merveille wangu. Mama anasema maembe hayo yana wenyewe: mbuzi wangu ndio wanaoyala. Nikamjibu kwamba PDG hashindani na mbuzi.

Jumatano, tarehe 8

Nimepita avenyu zote na toroli. Sijaacha embe hata moja! Watu walisimama kunitazama. Wivu tu. Maganda na kokwa nimezimwaga kando ya uzio wa jirani yetu Darius, ambaye tangu arudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Misisi na pikipiki mpya anamsalimia Merveille mara mbili mbili. Acha zimnukie.

Ijumaa, tarehe 10

Sufuria ya kwanza iliungua. Nimeiita konfitiri nyeusi, ya watu wakubwa. Ya pili ikakubali! Rangi ya dhahabu, inashika mwiko. Nilikaribia kulia kwa fahari. Nimejaza vikopo vya mayoneze nilivyoomba sokoni. Merveille ameonja, amesema ni tamu kweli, kisha akauliza kwa nini mbuzi wanalia hivyo. Nikamwambia wanafurahia harufu.

Jumanne, tarehe 14

Sokoni. Wote walionja. Wote walisifu. Mama Adolphine wa mikate alitaka kununua, lakini vikopo nilivyobeba vilishalambwa vyote; vingine vimebaki nyumbani. Haidhuru, haba na haba hujaza kibaba. Mama analalamika kwamba mbuzi wangu wanahesabika mbavu, majani wanayanusa tu na kugeuka. Nimemweleza kuwa wembamba ni afya. Mbuzi wa Darius, kinyume chake, wamevimba ovyo. Wanashinda pale kwenye uzio, midomo ndani ya maganda yangu. Hawakulelewa.

Jumamosi, tarehe 18

Papa Alphonse, baba yake Merveille, alikula mkate na konfitiri, akaomba tena, akalamba kidole. Ushindi! Kisha tukatoka kuona mbuzi. Alimshika beberu mgongoni, akampapasa mbavu moja moja.

“Bertin, tuliomba mbuzi,” akasema. “We unatuletea ngozi tu.”

Akauliza wale wanono kule kwenye uzio ni wa nani. Darius akajitokeza mwenyewe, shati limepigwa pasi. Roho iliniuma, siwezi kuficha. Papa Alphonse akatoa neno lake: ananipa mpaka Noeli. Mbuzi wakinona, nitaoa. Wasiponona, Darius naye ameshaonyesha kwamba anajua kufuga. Merveille alinivuta pembeni, macho yamejaa machozi.

“Achia mbuzi maembe yao,” akaniambia. “Mi nakupenda hata bila kampuni.”

Jumapili, tarehe 19

Nimewaza kanisani mahubiri yote. Merveille ana haki. Mbuzi wanahitaji maembe. Lakini maembe ya chini, yenye vumbi, kwa mbuzi watakaomtoa Merveille kwao? Haiwezekani! Nimefungua vikopo vyote. Ninawalisha konfitiri kwa kijiko, mmoja mmoja, na wanalamba mpaka chuma. Mama alichungulia mlangoni, akashika kichwa, akarudi ndani. Mbuzi wa Darius wanakula maganda. Wangu wanakula kazi ya PDG. Katika eneo zima la Fizi hakuna mchumba aliyewahi kufanya hivi, na ninajivunia. Tatizo ni moja tu, vikopo vinakwisha upesi, nalo nimeshalitatua. Kesho alfajiri natoka na toroli kuokota maembe yote yaliyoanguka.