Mashini Inayokula Shaba

Firmin hakuwa mwizi. Mwizi huamka usiku, na Firmin alipenda usingizi. Kazi yake ilikuwa mdomo, na asubuhi ile mdomo wenyewe ulikuwa na njaa, ndipo akasikia kelele karibu na bandari ya Kalundu.

Wanawake watia rangi walikuwa wakimfokea Rénovat, fundi bati. Hao huchovya muhuri wa shaba katika nta ya moto, wakaupiga kwenye kitambaa, kisha kitambaa kikaingia rangini. Palipo na nta hubaki peupe. Sikukuu ya Bikira Maria ilikuwa imebakiza majuma matatu, kwaya nzima imeagiza nguo, na mihuri yao ya zamani imelika. Rénovat naye hukunja utepe wa shaba kwa koleo, muhuri mmoja juma zima.

"Mungojee," akasema. "Minye sina mikono kumi!"

Firmin akamshukuru Mungu, ambaye kwa kawaida hakuwa na mazungumzo naye.

Siku nne baadaye alirudi na sanduku la mbao lenye mpini wa kuzungusha. Ndani alificha mihuri mitano mizuri aliyoinunua Usumbura, ng'ambo ya ziwa, kwa akiba yake yote na kwa fedha za saa ya marehemu baba yake, aliyoiuza.

"Ba mama, hii mashini iko ya Mulaya. Inakula shaba, inatapika muhuri."

Akatia kipande cha waya, akazungusha, sanduku likakoroma. Akavuta droo: muhuri huo, bado una joto la makaa aliyoyaficha chini. Akafanya hivyo mara tano. Vigelegele vikafika ziwani.

Ernestine, mkubwa wa watia rangi, hakupiga kigelegele. Alichovya muhuri mmoja ntani, akaupiga kitambaani. Ua likatoka safi kabisa.

"Unataka nini?" akauliza.

"Shaba tu. Nyaya, bangili, vyombo vya bibi zenu. Hii mashini iko mutoto, mama yake iko Usumbura. Siku tatu, narudi na mihuri mia."

"Na weye utatuachia nini? Muntu anaenda na shaba yetu, minye nabaki naangalia maji?"

Firmin alifikiri kidogo. Mihuri mitano, kwa shaba ya wanawake thelathini!

"Mushike hii tano, mama."

Kesho yake akaletewa magunia mawili ya waya na vipande vya utepe, vyekundu, vinang'aa. Hakuuliza kwa nini hamna bangili hata moja. Akapanda boti akipiga mluzi.

Usumbura, mnunuzi wa vyuma chakavu alisugua kipande kwa tupa. Kikawa kijivu. Akasugua kingine.

"Chuma," akasema. "Kimeogeshwa mrututu."

Mrututu ni yale mawe ya buluu ambayo watia rangi huyayeyusha majini ili rangi ishike. Chuma kikizama humo hutoka kimevaa ngozi ya shaba. Mwanamke yeyote wa Kalundu aliyesahau kijiko chunguni analijua hilo. Firmin hakuwahi kuosha chungu. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Hata mimi ninayesimulia nilimwonea huruma, lakini ikapita upesi.

Alirudi Kalundu siku ya sikukuu, baada ya majuma mawili ya kutafuta nauli, amefura. Rénovat alikuwa ameufungua muhuri mmoja kati ya ile mitano, akaona ulivyokunjwa, akapigilia misumari kwenye ubao kwa kufuata ua lile. Sasa huzungushia misumari hiyo utepe na kutoa mihuri mitatu kwa siku. Ernestine alikuwa mlangoni pa kanisa.

"Mama, weye umeniibia!"

"Basi twende kwa polisi," akasema Ernestine kwa upole. "Minye nitabeba mihuri. Weye beba ile mashini, uwaonyeshe namna inakula shaba."

Firmin akajibu kwamba hapana haja, alikuja kusali tu. Akaingia, akakaa nyuma kabisa, na kwaya nzima, imevaa maua aliyoyalipia yeye, ikasimama ikamwimbia.